Nilitumwa Marekani Kushukuru kwa Nguo

Walimu wenzangu, tangu nirudi kila mmoja wenu amepanda kwangu Mhezi kwa wakati wake, akanywa chai, akauliza swali lilelile: "Kwani Namkunda, ulisema nini huko?" Sukari yangu imekwisha na duka la ushirika halina nyingine. Kwa hiyo naandika mara moja, nanyi mtasoma kwa zamu. Habari za pasipoti, chanjo na mihuri nitaziruka, maana anayetaka kuzijua na aende akapange foleni mwenyewe.

Kwa ambao hamkuwapo mwanzoni, jambo lilikuwa hivi. Kwa miaka kadhaa akina mama wa kanisa moja kusini mwa Marekani walikuwa wakiuletea usharika wetu marobota ya nguo. Tulipata makoti ya baridi ya kuua, magauni ya harusi, na safari moja jozi sita za viatu vya kutelezea juu ya barafu, ambavyo vyuma vyake vilimfaa sana mchuna ngozi. Mwishowe wakaandika kwamba wangependa kumwona mmoja wetu kwa macho. Mchungaji akanichagua mimi kwa sababu nafundisha historia, Kiingereza nakimudu, na kwa sababu, alivyosema mbele ya watu wote, "Mwalimu Namkunda ana adabu." Msije mkanilaumu mimi peke yangu. Kosa la kwanza lilikuwa lake.

Kutoka Mhezi hadi Same

Niliteremka na lori la kahawa la Mzee Elinami, ambaye wote mnamjua kwa mwendo wake. Alinipakia mbele kama mgeni wa heshima, sanduku langu likakaa juu ya magunia. Tulipofika kwenye kona ya tatu, lori likatoa moshi, likazima.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia baada ya nusu saa, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. "Hivi tutafika leo?"

"Marahaba, mwalimu. Lori hili lilifika Same hata kabla ya Uhuru," akajibu, akiwa amelala chini ya injini.

Sikubishana na historia. Nilikula makande yangu yote ya safari pale barabarani, chakula nilichokipika kinifikishe Dar es Salaam, na tukaingia Same alasiri, basi likiwa limeondoka asubuhi.

Basi lililofuata lilikuwa la kesho yake. Nilipitisha muda kwenye duka la vitambaa la Mzee Salim, ambaye ukoo wake umefanya biashara pale barabarani tangu enzi za misafara. Aliposikia ninakokwenda alicheka mpaka akavua miwani.

"Marekani! Basi utaona kwao merikani. Babu yangu alikuwa akiuza jora kwa jora, nyeupe, nzito, inanuka wanga. Watu wa milimani hawakutaka kitambaa kingine. Ukiwaletea cha Uingereza wanakikunja, wanakinusa, wanakurudishia."

"Na walikuwa wanalipa kwa nini, mzee?"

Akavaa miwani yake tena. "Kwa pembe. Kwa mbuzi." Akaanza kupanga kanga ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Na kwa vingine."

Mimi nilivijua hivyo vingine. Bibi yangu, mzaa baba, alinisimulia mara moja tu nikiwa mdogo. Baba mkwe wake alikuwa na dada aitwaye Nakijwa. Mwaka mmoja wa njaa, Nakijwa aliteremshwa hadi nyika ya Maore kwa wenye msafara. Waliomteremsha walirudi na mahindi, na jora moja la merikani. Bibi alisimulia hivyo, kisha akanituma kuni, na hakulisema tena hadi anakufa.

Kutoka Same hadi Dar es Salaam

Barabara ya kwenda Dar es Salaam ni mkonge, kisha mkonge, halafu ukisinzia na kuamka, mkonge. Baba yangu aliukata miaka kumi na minne. Alikuwa na kipande, ile karatasi ya kuhesabia siku, na siku aliyougua haikuandikwa, wala siku ambayo nyapara hakupenda sura yake. Jirani yangu wa kiti, kijana wa ofisi ya serikali mwenye kalamu tatu mfukoni, alinieleza kwa furaha kwamba tangu Azimio la Arusha mashamba yale ni mali yetu sote.

"Nimefurahi," nikamwambia. "Na wanaokata je?"

"Wanakata kwa moyo zaidi."

Nilitazama nje. Walikuwa wameinama vilevile. Pengine moyo hauonekani ukiwa ndani ya basi.

Angani, na mlangoni

Katika ndege nilipewa nyama baridi, jani moja, na kijiko cha ukubwa wa kumlishia mtoto mchanga. Baada ya viwanja viwili na usiku ambao sijui ulikuwa wa siku gani, nikafika New York, mbele ya ofisa mwenye shingo nene.

Sasa sikilizeni. Jina la mji wetu, kwa maandishi ya Kiingereza, ni neno lenye maana ya "vilevile".

"Unatoka wapi?" akauliza, macho yakiwa kwenye fomu niliyoijaza.

"Same."

"Vilevile kama nani?"

"Si kama mtu. Natoka Same."

Akamtazama Mwitalia aliyenitangulia. "Unatoka alikotoka yule?"

"Hapana, bwana. Yeye hatoki Same."

Tulizunguka hivyo mpaka akaitwa mkubwa wake. Nikamwonyesha kwenye ramani. Akasoma, akanitazama, akasema karibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kula.

Mji wa viwanda

Kanisa lile lina ofisi yake kaskazini, nikalazimika kukaa huko siku tatu kwa mwalimu mstaafu, mwanamume mpole mwenye nyumba iliyojaa vitabu. Kabla sijakaa vizuri alinipa habari njema.

"Sisi watu wa huku hatukuwa na mashamba ya watumwa. Tuliupinga utumwa. Babu yangu alipigana vita kuumaliza."

Nikampongeza kwa niaba ya babu yake.

Siku ya pili akanipeleka kuona kiwanda cha nguo cha zamani kando ya mto, jengo refu la matofali mekundu, madirisha mengi kuliko watu wa tarafa nzima ya kwetu. Kilikuwa kimefungwa. Chumba kimoja kiliachwa cha maonyesho, na mlinzi wake alikuwa mzee mwenye mkono mmoja usiokunjuka vizuri. Alikuwa amefanya kazi pale tangu ujana.

"Kilifungwa kwa nini?" nikamwuliza.

"Wenyewe walihamia kusini, mama. Huko watu wanakubali mshahara mdogo. Pamba ilitoka kusini, kazi ikaifuata."

Alinionyesha mitambo, kisha sanduku la kioo. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kitambaa cheupe, kizito, kimepigwa muhuri wa rangi ya samawati. Karatasi iliyokuwa pembeni ilisema kitambaa cha aina ile kilipelekwa kwa meli mpaka Zanzibar.

Nikamwomba anifungulie. Akatazama huku na huku, akafungua. Nikakishika. Nikakinusa, Mungu anisamehe, mbele ya yule mwalimu mstaafu.

"Kwetu hii ina jina," nikasema. "Inaitwa merikani."

"Kumbe!" mwenyeji wangu akasema, amefurahi kweli. "Kwa hiyo nchi zetu ni marafiki wa zamani!"

"Na pamba yake, wakati huo, ililimwa na nani?"

Hakuwa mjinga. Nilimwona akilifuata swali hatua kwa hatua, kutoka kwenye kitambaa hadi kwenye uzi, kutoka kwenye uzi hadi shambani, na alipofika huko akakaa kwenye kiti cha mlinzi. Mlinzi ndiye aliyejibu.

"Watumwa, mama. Mbona hilo kila mtu analijua? Bila wao mitambo hii ingefuma nini? Upepo?"

Babu wa mwenyeji wangu alipigana vita, sikatai. Ila shati alilovaa kwenda vitani sijui lilitoka wapi.

Basi la kusini

Nilisafiri siku mbili kwa basi. Chakula cha njiani kilikuwa mkate uliobana soseji, asubuhi, mchana na jioni, kama adhabu ya hakimu. Nilichojifunza, nilijifunza kwa jirani yangu, mwanamke Mweusi wa makamo aitwaye Bi Odessa, aliyetoka kumtembelea binti yake. Tulipotajiana vijiji tunakokwenda tukakuta ni kimoja. Alikuwa akipika kanisani kwa wenyeji wangu hao hao, na mmoja wao, Bi Marjorie, ndiye aliyekuwa anilaze kwake.

"Basi wewe ndiye mgeni wa Bi Marjorie!" akasema. "Nimeambiwa nikupikie chakula kisicho na viungo, kwa sababu tumbo la Mwafrika halijazoea."

Tulicheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo.

Tulipokuwa tukipita mashamba makuukuu yenye udongo mwekundu uliochimbika makorongo, nikamwuliza palilimwa nini.

"Tumbaku. Iliimaliza ardhi. Ikafika mahali wenye shamba hawana cha kuvuna ila watu. Wakawauza huko kwetu, kwenye pamba. Bibi wa bibi yangu alikuja hivyo, kwa miguu, amefungwa na wenzake."

"Na pamba nayo ikahitaji watu wengi kiasi hicho?"

"Ilipokuja mashine ya kuchambulia mbegu, watu walidhani kazi itapungua." Akatikisa kichwa. "Mashine ilichambua upesi, basi wakataka ilishwe upesi. Kuchambua ilikuwa mashine. Kuchuma ilikuwa vidole. Mtu akawa na bei kubwa kuliko shamba lenyewe. Ukitaka mkopo benki unaweka watu rehani, kama unavyoweka nyumba."

Nimefundisha utumwa darasa la saba miaka kumi na moja. Nilikuwa nawaambia watoto kwamba chanzo chake kilikuwa roho mbaya. Roho mbaya ilikuwapo, lakini kumbe ilikuwa na meneja, karani na wakala wa meli.

Jumba la nguzo nyeupe

Bi Marjorie alinipokea kituoni na gari jekundu na maua. Ni mama mnene, mchangamfu, mkarimu kupita kiasi, na naomba mlijue hilo kabla hamjaendelea. Alinipa chumba cha binti yake aliyeolewa, akanipa taulo nne. Sijui za nini zote.

Asubuhi yake niliandaliwa uji mzito wa mahindi meupe kwenye sahani, wenye siagi juu. Nikangoja urudishwe motoni uive uwe ugali. Kumbe ndio ulikuwa umekwisha.

Kisha akanipeleka kwenye fahari ya wilaya, jumba la mwenye shamba la zamani, linalotembelewa na wageni kwa kiingilio. Mtembezaji alikuwa msichana aliyevaa gauni lililofagia sakafu. Alituonyesha kinara cha vioo, ngazi ya kuzunguka, piano. Kuhusu kila kijiko tulielezwa kilikotoka.

"Na huku nyuma," akasema, "waliishi watumishi."

"Mshahara wao ulikuwa kiasi gani?" nikauliza.

Niliuliza kwa adabu, kama mchungaji alivyotarajia. Wageni wengine wakaanza kutazama dari.

"Hawakuwa... walipewa chakula na malazi. Walikuwa kama watu wa familia."

"Vizuri. Kwenye makaburi ya familia wamelala upande upi?"

Bi Marjorie akanishika kiwiko akasema tumechelewa kwenye chakula. Tukapita kwenye uwanja wa makaburi tukielekea garini. Mawe mazuri ya marumaru, na uzio wa chuma. Nje ya uzio kulikuwa na kichaka.

Kwa Bi Odessa

Siku ya tatu niliomba kumtembelea Bi Odessa. Barabara ya lami iliishia pale nyumba za Weupe zilipoishia, kama iliyochoka ghafla. Alinipikia kunde, bamia na majani mabichi ya mboga, na nikala kama mtu aliyerudi nyumbani. Ilibidi nifungue mkanda.

"Uhuru ulipokuja walipewa nini?" nikamwuliza.

"Walipewa uhuru." Akaniongezea bamia. "Ardhi ilibaki kwa mwenyewe. Sasa wewe una uhuru mikononi, huna jembe, huna nyumbu wa kulimia, huna mbegu. Unarudi kwake. Anakwambia lima, tutagawana mazao. Vitu vya mwaka mzima unachukua dukani kwake, na duka ndilo linaloandika. Babu yangu alilima hivyo mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na kila msimu aliambiwa deni limebaki kidogo tu."

Nilimsimulia habari za kipande cha baba yangu. Alisikiliza bila kutafuna.

"Nyapara alikuwa Mweupe?"

"Mwenye shamba alikuwa Mweupe. Nyapara alikuwa Mpare mwenzetu."

"Hee," akasema. Na baadaye kidogo, "Nani aliwauza watu wetu kwenye meli, Namkunda? Huwa najiuliza, na hakuna wa kumwuliza."

Nilikuwa na majibu ya vitabuni. Pwani waliyotolewa watu wake si pwani yetu, Nakijwa hakupelekwa kwao, misafara ya kwetu iliteremka upande mwingine wa bara. Yote ni kweli, na yote niliyaona yamejaa woga. Nikamwambia habari za Nakijwa. Nikamwambia kwamba waliomteremsha hawakuwa Waarabu wala Wazungu. Walikuwa baba yake na baba zake wadogo.

Bi Odessa akauliza, "Alikuwa na umri gani?"

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Shukrani

Jumapili kanisa lilijaa. Weupe walikaa mbele. Bi Odessa na wenzake wawili wa jikoni walikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Sheria ilikuwa imebadilishwa miaka ya nyuma, ila mabenchi yalikuwa hayajapata habari. Bi Marjorie alininong'oneza, "Maneno machache tu, mpenzi. Wanapenda kusikia habari za nguo."

Basi niliwaambia habari za nguo. Mlitaka kujua nilisema nini. Nilisema hivi, au karibu na hivi:

"Nimetumwa niwashukuru kwa nguo. Tunashukuru. Lakini nguo za kutoka kwenu zilifika milimani kwetu kabla ya kanisa kufika. Zilikuwa nyeupe, na nzuri. Pamba yake ilichumwa hapa na watu ambao hawakulipwa, ikafumwa kaskazini, ikapelekwa kwetu, na kwetu kitambaa hicho kilinunua watu. Jora moja na mahindi vilimnunua dada wa baba wa babu yangu. Anaitwa Nakijwa. Waliomwuza ni watu wa nyumbani kwangu. Mimi ni wa ukoo ulioipokea nguo ile na kuivaa. Kwa hiyo sisemi haya kama mtu msafi. Nasema kwa sababu nimeona jumba lenu, nikaelezwa kila kijiko, na sikuelezwa mtu hata mmoja."

Nikamaliza kwa kuwashukuru tena kwa makoti.

Walinitazama kwa namna ambayo mwalimu anaijua, kama darasa ambalo halijaamua kama limekosa au limekosewa. Kisha kutoka nyuma Bi Odessa akasema, "Amina," kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeitikia hodi.

Njiani kurudi nyumbani Bi Marjorie aliendesha gari polepole kuliko kawaida yake.

"Ungeniambia mapema," akasema hatimaye.

"Ungenizuia."

Akafikiri. "Ndiyo. Ningekuzuia." Na alipozima injini, bila kunitazama, akaongeza, "Jumba lile lilikuwa la kina babu yangu, upande wa mama."

Hakunifukuza. Aliendelea kunipa taulo nne hadi siku ya mwisho. Lakini safari ya shule mbili nilizokuwa nimealikwa ikavunjika, na mlo wa kuniaga ukawa wa watu watatu.

Kurudi

Nimefika Mhezi bila zawadi, na marobota hayajaja tena. Mchungaji, ambaye sasa ana maoni mengine kuhusu adabu yangu, alitangaza ibadani kwamba "kumetokea hali ya kutoelewana". Akina mama wawili wameacha kunisalimia, na mmoja ameniambia wazi kwamba mwanawe hana koti la msimu wa baridi. Hilo limeniuma, kwa sababu ni kweli, na hapa Juni si mchezo.

Lililonitisha zaidi lilikuwa kuitwa na ukoo. Baba mkubwa Mbonea, kaka wa marehemu baba, ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Nilimkuta ameketi na wazee wenzake watano. Shikamoo zangu ziliitikiwa moja tu.

"Tumesikia," akasema mzee mmoja, "kwamba umekwenda kwa Wazungu ukasema ukoo wetu uliuza mtu."

"Nilisema, baba."

"Ulimwona kwa macho akiuzwa?"

"Bibi aliniambia."

"Bibi yako alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Ukoo huu haukuuza mtu. Waliouza ni wa ng'ambo ya bonde, na kila mtu anajua. Utaandika barua kule kanisani useme ulikosea."

Wenzake wanne wakaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, ninyi mnanijua, lakini niliyaacha yote. Nililia, mimi mtu mzima, mbele ya wazee sita. Nikawaambia kwamba barua sitaandika. Mwanamke mmoja aliniuliza Nakijwa alikuwa na umri gani, nikashindwa kumjibu, na aibu yangu yote iko hapo, haiko kwingine.

Baba mkubwa Mbonea alikuwa ameitazama ardhi kati ya miguu yake tangu niingie. Sasa akainua mkono, yule mzee aliyekuwa akizungumza akanyamaza.

"Barua haitaandikwa," akasema. "Mtoto huyu amekosea, lakini si pale mnapodhani. Amesema mmoja."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Walikuwa wanne. Nakijwa ndiye aliyekuwa mkubwa. Alikuwa hajavunja ungo."

Kisha akaniagiza nivute kigoda changu karibu, kwa sababu sauti yake siku hizi haifiki mbali, na akaanza kunitajia hao wengine watatu, jina la mtoto, la mama yake, na nyumba aliyotolewa.